Kabla hujafunga mizigo: picha za nyota ukiwa safarini

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Umeniuliza ununue lenzi gani kabla ya safari. Usinunue kwanza. Hiyo ya milimita 18 hadi 55 iliyokuja na kamera yako inatosha kuanzia. Picha nyingi za nyota huharibiwa na fokasi mbaya, yaani lenzi kutolengwa umbali sahihi, na msafiri ana shida yake: akishaondoka, usiku ule haupati tena. Kwenye kioo kidogo cha kamera kila picha huonekana safi. Ukungu wake utauona umeshafika nyumbani.

Kwa hiyo tenga robo saa nzima kwa ajili ya fokasi tu. Iweke ya mkono. Alama ya mwisho wa mbali (∞) iliyochorwa kwenye pete usiiamini, maana lenzi nyingi huzunguka kupita hapo, na baridi nayo huisogeza. Elekeza kamera kwenye nyota kali, Shira kwa mfano, au sayari ya Mshtarii. Itazame kwenye kioo cha nyuma, ikuze mara 10, kisha zungusha pete polepole. Nyota itanywea, itanywea, halafu itaanza kuvimba tena. Rudi pale ilipokuwa ndogo kabisa, ubandike kipande cha selotepu pete isisogee. Piga picha ya majaribio, uikuze, uitazame. Rudia ukaguzi huo kila nusu saa, na kila ukigusa zumu, kwa sababu lenzi nyingi za zumu hupoteza fokasi ukibadili milimita.

Muda wa kuacha shata wazi (pazia linaloruhusu mwanga kuingia kwenye kamera) unaamuliwa na Dunia yenyewe. Inajizungusha nyuzi 15 kwa saa, hivyo ukichelewa kufunga, nyota zinakuwa vijistari. Utasikia wengi wakisema ugawe 500 kwa milimita za lenzi upate sekunde. Kwa kamera za sasa hesabu hiyo ni legevu mno. Mimi nakushauri ugawe 300. Kama sensa yako (kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera) ni ile ndogo, APS-C, zidisha milimita kwa 1.5 kwanza. Kwako basi: 18 mara 1.5 ni 27, na 300 kwa 27 ni sekunde 11. Weka 10. Fungua tundu la lenzi lote, f/3.5 (namba ndogo ndiyo tundu kubwa), na uweke ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, 6400. Ukiazima lenzi ya f/2.8, ISO 3200 inakaribia kutosha. Kundi la Jabari linaonyesha mistari upesi kuliko nyota zilizo karibu na ncha ya anga (pale anga lote linapoonekana kuzunguka), kwa hiyo ukilipiga punguza sekunde mbili.

Hifadhi kwa RAW, yaani faili ghafi ya kamera. JPEG, ile faili ya kawaida iliyobanwa, hutupa rangi za gizani ambazo hutaweza kuzirudisha. Mizani ya nyeupe (mpangilio wa rangi ya mwanga) iweke karibu na 4000K badala ya kuiachia kamera ichague, la sivyo kila picha itatoka na rangi yake.

Tarehe ya safari ipange kwa kutazama mwezi. Mwezi mpevu hufuta Njia Nyeupe, ule mkanda mweupe wa nyota angani, hata jangwani. Baada ya kupevuka, huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku, hivyo wiki moja baadaye unakuwa na giza hadi karibu usiku wa manane. Siku chache kabla na baada ya mwezi kuandama ndizo bora. Jua nalo lazima lishuke nyuzi 18 chini ya upeo ndipo giza likamilike. Karibu na ikweta hiyo ni saa moja na zaidi kidogo baada ya kuzama, lakini kaskazini ya mbali mwezi Juni giza hilo halifiki kabisa. Kitovu cha Njia Nyeupe kipo upande wa kundi la Mshale. Juni hadi Agosti huonekana sehemu kubwa ya usiku. Desemba kimejificha nyuma ya jua, usikitafute.

Tripodi nyepesi inafaa, ila usiinue nguzo yake ya kati, kwani hapo ndipo mtikisiko unapoanzia. Zima kituliza-mtikisiko cha lenzi: kamera ikiwa imetulia, chenyewe kinaweza kuleta mtikisiko. Tumia taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisiiguse kamera shata inapofunguka.

Umande ndio adui wa kimya. Picha zikianza kufifia katikati ya usiku bila sababu, mulika kioo cha lenzi kwa taa nyekundu. Usifute kwa shati. Funga kifuko cha joto kuzunguka lenzi tangu mwanzo, kabla umande haujatua.

Betri za akiba ziweke mfukoni karibu na mwili, maana baridi huzimaliza haraka. Kwenye ndege ni lazima ziwe kwenye mkoba wa mkononi, ncha zake za chuma zikiwa zimefunikwa.

Mwisho, usipige picha moja ukaondoka. Piga 16 mfululizo bila kugusa chochote. Programu za bure kama Sequator au Siril zitazipanga picha hizo nyota juu ya nyota, na chenga (vidoa vidogo vya gizani) zitapungua hadi karibu robo. Kisha piga moja ya ardhi pekee kwa dakika 2, ISO 1600, uje kuiunganisha. Kabla hujakunja tripodi, kuza picha ya kwanza na ya mwisho uzilinganishe. Nyota zikiwa nene kwenye ya mwisho, rekebisha fokasi na uanze upya papo hapo.

Nitumie faili za RAW ukirudi, tuzisafishe pamoja.

Rafiki yako