Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Kutunza Njia za Farasi, Msitu wa Ngong Road: Mwaka 2024

Ndugu wanachama, wapanda farasi, masaisi mnaotutunzia farasi, na majirani zetu wa msitu, nawasalimu nyote. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutuvusha mwaka ambao haukuwa rahisi, na nawashukuru mliofika leo, Jumamosi tarehe 8 Februari 2025, ingawa viti vilivyo wazi ni vingi kuliko vilivyokaliwa. Hilo nitalirudia.

Kazi za kawaida mnazijua, sitawachosha. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tulifyeka, tukazibua mitaro, tukapaka rangi upya alama za njia na kuondoa miti iliyoanguka. Lantana, kile kichaka vamizi, imeendelea kutusumbua, hasa upande wa bypass, maana ukiifyeka bila kung'oa mizizi inarudi na ndugu zake. Tarehe 10 Mei, siku ya mapumziko iliyotangazwa kwa ajili ya kupanda miti, tulijiunga na majirani kupanda miche. Baadhi ya miche ilipandwa katikati ya njia kwa kuwa wageni hawakujua kama pale ni njia, tukaihamisha polepole wiki zilizofuata na mingi imeshika. Vifaa vipo: mapanga, mafyekeo, sururu, makoleo na wilbaro mbili, moja ikiwa imetobolewa na kutu. Hayo ndiyo ya kawaida.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limezungumzwa mwaka mzima katika kikundi cha WhatsApp, kwenye mabanda, na nimeambiwa hata kwenye arusi moja, yaani kufungwa kwa njia ya chini kando ya mto Motoine na kuchongwa kwa njia mpya juu ya mteremko. Nimesubiri mkutano huu ili nilieleze kwa ukamilifu, kwa kuwa yaliyosemwa ni mengi na mengine hayakusemwa na watu waliofika pale kujionea.

Mwezi wa Aprili 2024 mnaukumbuka. Nairobi ilifurika, watu walipoteza maisha na makazi, na mito ambayo miaka yote tunairuka kwa hatua moja iligeuka kuwa mikubwa. Motoine ilipanda ikaimeza njia yetu kwa siku kadhaa. Maji yalipopungua, mimi na katibu tulikwenda kuangalia. Kivuko cha mbao kilikuwa kimeng'oka upande mmoja na kuning'inia. Udongo mweusi wa pale, ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono, ulikuwa umekuwa uji. Nikafunga kamba kwenye miti pande zote mbili na kuandika tangazo kwamba njia imefungwa hadi itakapotangazwa tena. Sikuwa nimeomba kura ya mtu, na sioni ni kura gani inahitajika ili kuzuia farasi asivunjike mguu.

Kamba hiyo ilifunguliwa mara mbili. Sitamtaja aliyeifungua, anajijua. Jumapili tarehe 12 Mei farasi jike mmoja aliingizwa pale na kuzama hadi magoti ya miguu ya mbele. Masaisi wawili ndio waliomwokoa. Walimvua tandiko akiwa bado amezama, mmoja akamshika kichwa na kusema naye asiendelee kujitupa, mwingine akakata matawi na kuyalaza pamoja na magunia mbele ya kwato, moja baada ya jingine, mpaka alipopata pa kukanyaga. Alitoka bila kiatu cha mguu wa kulia na kipande cha ukwato kikiwa kimebanduka nacho, na kano ya mguu ule ilivimba. Hakupandwa tena hadi Septemba. Wale wanaosema mwenyekiti alikuwa na haraka ya kufunga njia, nawaomba wakamtazame farasi yule kwanza.

Swali la pili lililoulizwa ni kwa nini hatukutengeneza palepale badala ya kuhama. Nitaeleza, maana nimesoma na kuuliza wanaojua kazi hii. Farasi aliyekomaa, pamoja na tandiko na mpandaji, anaweza kufika kilo mia tano na zaidi, na uzito huo wote unashuka kupitia kwato nne ndogo. Mahali panaposhika maji, kila ukwato unachimba shimo, shimo linajaa maji, na farasi wa nyuma yake anakwepa pembeni na kuchimba jingine. Ndiyo sababu njia ya chini, ambayo wazee wetu waliipita ikiwa na upana wa mita mbili, ilikuwa imefikia mita saba sehemu nyingine na inaendelea kuula msitu. Juu ya hapo, ilishuka moja kwa moja kutoka kileleni hadi mtoni bila kukata kona. Njia ya namna hiyo ni mfereji, mvua yoyote itaifuata hiyo hiyo. Ungemwaga maramu leo, masika ijayo ungeikuta mtoni. Tulimwaga maramu pale mwaka 2021, lori mbili. Nani ameiona tena?

Na kuna jambo la usubi. Ugonjwa hatari kuliko yote kwa farasi wetu hapa, ule unaoitwa ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaenezwa na usubi, na usubi huzaana kwenye matope na maji yaliyotuama, wakatoka kuuma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Baada ya mvua kubwa ndipo hatari hupanda. Tunachanja, tunawaingiza farasi ndani kabla jua halijatua, halafu tunawapitisha jioni kwenye kidimbwi tulichokichimba wenyewe kwa kwato? Kwangu hoja hii peke yake ilitosha.

Njia mpya imepita juu, imezunguka mteremko badala ya kuukata. Hakuna mahali inapopanda zaidi ya mita moja kwa kila mita kumi. Uso wake umeinamia kidogo upande wa bonde ili maji yavuke na kushuka msituni yakiwa bado machache, na kila baada ya hatua kadhaa kuna bonde dogo la kuyatoa yale yaliyobaki. Kwa urefu wa matawi tulimpandisha saisi mmoja juu ya farasi mrefu kuliko wote tulionao, akabeba mwanzi, na kila tawi alilogusa lilikatwa. Tulikata kwenye shina kabisa, bila kuacha kisiki chenye ncha, kwa kuwa kisiki hicho ndicho kinachochana bega la farasi na goti la mtu. Hakuna mti uliokatwa. Msinduzi tuliupisha, murarachi ule mkubwa tuliuzunguka, tukaondoa lantana na vichaka tu. Hilo lilikuwa sharti la kibali, maana msitu huu ni wa hifadhi tangu 1932 na sisi ni wageni ndani yake. Barua tuliandika Juni, kibali kikaja Julai, kazi ikafanyika Agosti na Septemba udongo ukiwa mkavu.

Sasa fedha, ambazo ndizo zimeleta kelele. Njia mpya imegharimu shilingi 168,400: mawe, maramu ya sehemu mbili laini, vibarua, na usafiri. Wanaosema katiba yetu inairuhusu kamati kutumia shilingi 50,000 tu bila mkutano wanasema kweli. Lakini wasome na kifungu kinachofuata, kinachoruhusu dharura pale usalama wa wanachama au wanyama unapokuwa hatarini na mkutano umeitishwa ukakosa akidi. Mkutano uliitishwa. Tarehe 22 Juni, saa nne asubuhi, kwenye kivuli cha banda hili hili, tangazo likiwa limetolewa wiki tatu kabla. Akidi ni theluthi moja, yaani watu 31. Walikuja 14. Tulingoja hadi saa sita. Wengi wa wanaoniandikia leo kwamba hawakushirikishwa hawamo kwenye karatasi ya mahudhurio ya siku ile, na karatasi ninayo hapa, yeyote anaweza kuiona. Asiyekuwapo na lake halipo.

Imesemwa pia kwamba njia imeelekezwa upande huo ili iwe karibu na banda langu. Naomba nilijibu hili mara moja. Banda langu liko ng'ambo ya pili, na mimi ni miongoni mwa wanaozunguka zaidi. Njia ya zamani ilikuwa kilomita 1.1, hii ni 1.7. Tofauti ni mita 600, ambazo farasi anayetembea taratibu anazimaliza kwa dakika sita hivi. Gari langu dogo la mizigo ndilo lililobeba mawe yote kutoka barabarani, mafuta yangu, na sikuandika hata shilingi moja kwenye hesabu. Sisemi hivyo ili nisifiwe. Nasema kwa sababu nimeshutumiwa.

Naelewa uchungu wa wanaofundisha watoto. Njia ya chini ilikuwa tambarare mwishoni, yenye kivuli, na watoto walipenda kusikia kwato zikigonga mbao za kivuko. Mbao zile zilikuwa zimeoza chini, na zikilowa zilikuwa na utelezi wa hatari. Mahali pake, juu zaidi ambapo mto ni mwembamba na chini pana mwamba, tumepanga mawe mapana ya kuvukia. Farasi walikataa siku mbili za kwanza, sasa wanavuka bila kusukumwa. Mvua za vuli zilipokuja Novemba nilikwenda asubuhi baada ya usiku wa mvua kubwa: njia mpya ilikuwa na unyevu, si matope, na maji yalikuwa yametoka kila mahali tulipoyapangia kutoka. Sijapata hoja nyingine inayoshinda hiyo.

Kuhusu mahudhurio na ada, nitasema bila kuficha. Daftari lina wanachama 91: wapanda farasi na wenye farasi 58, masaisi 33. Ada ya mpanda farasi ni shilingi 3,000 kwa mwaka, ya saisi ni 300. Wapanda farasi waliolipa ni 21. Masaisi waliolipa ni 29. Tulipaswa kukusanya 183,900, tumekusanya 71,700, na deni ni 112,200. Tulianza mwaka na salio la 214,000, tukapata michango ya hiari 46,500. Tumetumia, pamoja na njia mpya, vifaa na matengenezo 41,300, chai na chakula cha siku za kazi 27,600, rangi na mbao za alama 9,800. Jumla ya matumizi ni 247,100 na salio ni 85,100. Mweka hazina ana risiti zote.

Nataka tutazame idadi hizo vizuri. Mtu mwenye farasi wawili, anayenunua nyasi kavu na pumba kila wiki na kumlipa daktari wa mifugo, hajapata shilingi 3,000 ya njia anayoipita kila Jumapili. Saisi wake amelipa. Na ni saisi yule yule anayeamka Jumamosi kuja na panga, siku ambayo wengine wetu tunapumzika. Kwenye kikundi cha WhatsApp siku ya Ijumaa utaona dole gumba arobaini, kesho yake saa mbili tuko watu kumi na wawili, tisa kati yao masaisi. Nimewahi kuambiwa kwamba masaisi wanafuata chai. Jambo hilo liliniumiza sana, na nalikanusha mbele yenu. Bila wao tusingekuwa na mita hata moja ya njia mwaka huu. Naomba iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba kamati inapendekeza masaisi wapate viti viwili katika kamati tendaji kuanzia leo, na mimi binafsi nitaunga mkono.

Wenye madeni hatutawatangaza majina leo. Ila kamati imekubaliana kwamba atakayekuwa bado anadaiwa ifikapo mwisho wa Aprili hatapiga kura katika jambo lolote la fedha. Najua wapo watakaokasirika.

Kwa mwaka ujao, tunatumaini kuendelea kuiangalia njia mpya ikishika, na huenda, Mungu akipenda na fedha zikiruhusu, tukatengeneza ile sehemu ya juu karibu na mikaratusi inayoanza kumomonyoka. Tunatumaini pia kufanya mazungumzo na waendesha baiskeli ili tukubaliane nani apishe nani kwenye kona, kwa kuwa farasi akishtushwa kutoka nyuma hasubiri maelezo. Limetajwa wazo la kupata misumeno miwili ya mkono, na wazo la siku ya wazi kwa shule za jirani. Tutaona. Njia ya chini itabaki imefungwa, na tumeanza kupanda miche ya kienyeji pale ili msitu uichukue tena. Suala la kuifungua naliona limekwisha, isipokuwa mkutano wenye akidi uamue vingine.

Namshukuru katibu, aliyeandika barua zote za kibali na kuzifuatilia kwa miguu. Namshukuru mweka hazina kwa uvumilivu wake kwa watu wanaomwambia “nitatuma jioni”. Nawashukuru walinzi wa msitu waliotuonyesha mahali pa kupita bila kuharibu, na familia yangu, ambayo Jumamosi nyingi ilinikosa.

Siku ya kazi inayofuata ni Jumamosi tarehe 1 Machi, saa mbili kamili asubuhi, tukutane kwenye lango la juu. Njoo na glavu na maji ya kunywa, na mwenye koleo zima alibebe. Kazi ni kuzibua vitoa maji vyote vya njia mpya kabla masika haijaanza. Mweka hazina atakuwepo na kitabu cha risiti.

Mwenyekiti