Mjomba, bahari imebadilika siku zote, lakini waulize ndege

Mjomba, shikamoo.

Juzi kwenye simu ulisema bahari haijaanza kubadilika leo. Tangu enzi za mababu inapanda na kushuka, inapoa na kupata joto, kwa hiyo sisi wa mjini tuache kupiga kelele. Nakujibu hadharani kwa sababu maneno hayo nayasikia pia Feri na Kunduchi, kwa watu ninaowaheshimu kama ninavyokuheshimu wewe. Nusu yake ni kweli kabisa. Nusu ya pili inanisumbua.

Wewe ulifundishwa na wazee kumsoma ndege. Buabua wakikusanyika na kutumbukia mahali pamoja, nahodha anageuza chombo, maana chini yao kuna dagaa na nyuma ya dagaa kuna jodari. Ndege wa baharini hakai pasipo na chakula, na chakula chake hakikai kwenye maji yasiyokifaa. Wanaochimba visukuku wanaifanya kazi hiyohiyo, ila ndege wao walikufa zamani na kilichobaki ni mifupa.

Kusini mwa Ufaransa, karibu na Marseille, liko pango la Cosquer. Mlango wake leo uko mita 37 chini ya bahari, na ndani yake watu wa kale walichora ndege fulani mnene asiyeruka, ambaye Waingereza humwita great auk, jamaa wa maji baridi ya Atlantiki ya kaskazini. Wawili wa mwisho wanaojulikana waliuawa Iceland mwaka 1844. Zama za barafu, ndege huyo alifika hadi Mediterania, na bahari ilikuwa imeshuka kiasi kwamba watu waliingia pangoni kwa miguu. Hapa kwetu nenda Coco Beach maji yakitoka, uinamie ule mwamba. Utaona matumbawe yamegeuka jiwe, na mistari yake bado inahesabika. Matumbawe hayaoti hewani. Pale tunapokula mihogo palikuwa chini ya maji.

Kwa hiyo, ndiyo, bahari hubadilika. Lakini ikibadilika, waliokuwa wakiishi pale huwapata nini?

Langebaanweg, kaskazini ya Cape Town, mgodi wa fosfeti ulitoa mifupa ya miaka kama milioni 5 iliyopita. Humo mna pengwini wa aina nne. Leo Afrika nzima imebakiwa na aina moja tu inayozaliana huku kwetu. Wapo wataalamu wanaohisi kwamba zamani maji yalikuwa juu na pwani ile ilikuwa na visiwa vingi, na bahari iliposhuka visiwa vikaungana na bara, pengwini wakakosa mahali pa kutagia palipo mbali na wanyama wala nyama.

Kisa cha Bermuda ndicho ninachotaka ukisome polepole. Mwaka 2003 wataalamu Storrs Olson na Paul Hearty waliandika kuhusu albatrosi, ndege wakubwa wa baharini wenye mbawa ndefu, waliokuwa wakizaliana kwenye kisiwa hicho cha Atlantiki miaka kama 400,000 iliyopita. Ndani ya mchanga uliogeuka jiwe yalikutwa mayai mazima, mifupa ya vifaranga ambao hawajaanguliwa, na makinda ya kila umri. Palikuwa mahali hai pa kuzaliana, Mjomba. Kisha joto likazidi, barafu za nchi za mbali zikayeyuka, bahari ikapanda, na kwa hesabu za wataalamu hao ilipita mita 20 juu ya ilipo leo. Kisiwa kikakosa sehemu ya kutagia isiyofikiwa na mawimbi ya dhoruba. Ndege wa aina hiyo leo huzaliana Pasifiki tu, zaidi kwenye kisiwa cha Torishima, Japani. Atlantiki ya kaskazini nzima haina albatrosi anayetaga.

Albatrosi anaweza kuruka maelfu ya kilomita bila shida. Mbawa hazikumwokoa, kwa sababu yai haliruki.

Tena si kila badiliko lina chanzo kimoja, na mifupa husaidia kutofautisha. Nitrojeni iliyomo ndani ya mfupa huonyesha ndege alikula samaki wa ngazi gani, wakubwa au wadogo. Mtafiti Anne Wiley na wenzake walipima mifupa ya petreli wa Hawaii, ndege wa baharini, ya maelfu ya miaka. Kwa muda wote huo chakula hakikuyumba sana, mpaka katika miaka mia hivi ya karibuni kiliposhuka ngazi. Wanashuku uvuvi wa meli kubwa. Kwa hiyo anayesema "ni kawaida ya bahari" anapaswa kutuonyesha kawaida hiyo ilikuwa ipi, na mifupa ile inaionyesha.

Sasa ifikirie Fungu Kizimkazi, ambayo ramani za kizungu huiita Latham. Wewe umekwenda, mimi nimesoma tu. Kisiwa cha mwamba, tambarare, mita chache juu ya maji, hakina kilima wala mti wa kukimbilia. Pale wanataga buabua kwa maelfu, na wale ndege wakubwa weupe wenye uso mweusi. Bahari ikipanda hata kidogo, wimbi la bamvua lenye upepo wa kusi linawafikia. Wahame waende wapi? Visiwa vya namna hiyo, vilivyo mbali na panya, paka na watu, ni vichache mno katika upande wetu wa bahari.

Naomba jambo moja. Kumbukumbu zako hazijaandikwa popote, na wanaopima bahari yetu leo wana rekodi fupi kuliko umri wako. Jumapili nakuja Kigamboni na daftari. Unieleze ulipoanza kwenda Fungu Kizimkazi ndege walitaga upande gani, na sasa wanataga wapi. Mayai yalikuwa miezi gani? Kuna mwaka mlikuta yamezolewa na maji? Na mwaka ule wa El Niño, 1998, maji yalipopata joto kupita kiasi na matumbawe yakawa meupe, ndege walikuja kama kawaida, au jodari ilibidi mwafuate mbali zaidi?