Barua kwa Mwanangu: D16 ni za Nini?

Mwanangu,

Vyuma vya D16, vile vya unene wa milimita 16, ni vya nini? Nianze hapo, salamu zitafuata. Nyumba ya chini ya vyumba vitatu, ya kuezekwa mabati, inataka vyuma vinene hivyo ifanye nini navyo? Nakuandikia kwa sababu nikikutumia sauti unasikiliza mwanzo tu kisha unanijibu "sawa mathe", na hili si la sawa mathe.

Jumamosi asubuhi fundi alinipa orodha ya vitu vya kununua, kwenye karatasi yake ile ya daftari. Misumari, waya wa kufungia, saruji, D8 za ringi, D10, D12. Hivyo nimevizoea, siku hizi hata wauzaji wananiita injinia. Chini kabisa, kwa kalamu ya rangi nyingine, akaandika D16. Nikamuuliza hizi zinaenda wapi. Akaangalia viatu vyake, akasema, "Si kijana alisema tuinue nguzo, slabu itakuja baadaye?" Kijana mwenyewe ni wewe, na slabu ndiyo ile sakafu ya konkriti ya ghorofa. Mimi ninayeshinda pale juani, ninayehesabu mifuko ya saruji isitembee usiku, habari za ghorofa naletewa na fundi!

Ghorofa si dhambi. Lakini msingi ule si wa ghorofa, na wewe unajua.

Siku ya msingi uliiona yote kwa simu huko Doha, sitaki kuirudia. Nakukumbusha tu kwamba ule ni msingi wa kufuata ukuta. Chini ya hizo nguzo unazotaka hakuna mguu, hakuna shimo la mraba lililofungwa vyuma na kumwagwa konkriti ya kupokea mzigo. Fundi alitupa bei mbili wakati ule, ya mguu na isiyo na mguu. Tofauti yake ndiyo iliyonunua lile tangi la maji, na tangi limekaa vizuri, kwa hivyo tusianze kuulizana nani alisema nini.

Tena Kamulu, tunakojenga, si Kiambu. Udongo wetu ni ule mweusi. Mvua ikinyesha unavimba na kunata mpaka unakuvua viatu, jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingia mkono. Fundi aliufukua mpaka akakuta murram, ule udongo mgumu wa chini, na kwa hilo sina neno naye. Lakini yule jirani wa upande wa barabara, mwenye geti la kijani, ufa wake umeanzia kwenye kona ya dirisha la sebule ukashuka ngazi kwa ngazi, ukifuata viungo vya mawe hadi chini. Nilichomeka ufunguo wa geti, ukazama wote. Aliuziba kwa saruji, kiangazi kikaufungua, mvua ikaja ikaubana, sasa ameutundikia kalenda. Na ile ni nyumba ya chini, haina kitu juu yake ila mabati. Sasa wewe unataka kuiongezea yetu slabu, ukuta mwingine, vitanda, makabati na watu. Huko ni kumbebesha mtoto wa nasari gunia la mahindi kwa kuwa amesimama wima.

Ya lile jengo lililoanguka Huruma, hapa Nairobi, sikusimulii, Aprili ya 2016 ulikuwa hapa nyumbani. Ghorofa sita, usiku, mvua kubwa. Waliokufa walipita 40, na wengi wao walikuwa wapangaji ambao kazi yao ilikuwa kulipa kodi tu. Wewe hutakuwa mpangaji. Wewe ndiwe utakuwa umesema tuinue nguzo.

Haya, nikueleze siku yenyewe, maana ilikuwa na mengi. Mkeo alikuwa zamu, babako na goti lake hakutoka, kwa hivyo watoto nilikwenda nao. Nilikuwa nimewaahidi nyoka wa pale makumbusho, wakakubali kupitia Kamulu kwanza. Yule mume wangu wa pili, mwanao mkubwa, kwa kuwa amebeba jina la babako anafikiri ana haki ya kunituma, akanibebesha kofia yake na maji yake tangu tulipopanda matatu ya Kangundo Road. Mdogo alilala kuanzia Njiru.

Lori la mchanga lilikuwa limetutangulia, dereva anataka kumwaga aende zake. Nikamwambia ngoja. Nikachukua chupa ya soda, nikatia mchanga nusu na maji juu, mume wangu akaitikisa kwa nguvu zake zote, tukaisimamisha juu ya jiwe. Mchanga wa mto ulio safi unatulia chini upesi na maji yanaanza kung'aa. Ule uliochanganywa na udongo unaacha tope juu yake, na tope hilo likiingia kwenye konkriti saruji haishiki. Yetu iliacha tope unene wa kidole. Dereva akasema, "Mama, wewe unasumbua." Tukaanza kusemezana bei, akashuka, akashuka tena, karibu nimkubalie, kisha nikakumbuka pesa ni za nani. Lori likarudi lilikotoka. Fundi alinuna kwa sababu vijana wake wangekaa bure, lakini niliwapa kazi ya kupanga mawe na kufunika saruji.

Mawe yenyewe ni mazuri, ya Ndarugo, tisa kwa tisa, yamenyooka. Ukuta umefika kwenye linta, ile boriti ya juu ya madirisha, na kila anayepita anauliza ni ya nani. Nasema ni ya mwanangu, hana mkopo hata wa shilingi moja. Hilo nasema kwa sauti, wasikie. Vijana wa rika lako waliosimamisha ukuta bila kuandamwa na benki ni wachache, na mimi najua unavyokula huko ili hela itimie. Mkeo alinionyesha picha. Shati limekuwa kubwa shingoni. Kwa hivyo usifikiri naidharau kazi yako. Naogopa utaikalia juu.

Kariobangi Light Industries tulifika saa saba, jua la kichwa. Fremu za madirisha ziko tayari ila hazijapakwa rangi ya kuzuia kutu, na fundi wa vyuma anasema kesho, kesho yake ile. Milango miwili imeisha. Dukani nilinunua kila kitu kwenye ile orodha isipokuwa D16. Muuzaji wa mabati akataka kunipa geji 30 kwa bei ya 28, akidhani bibi mwenye wajukuu wawili ataona namba kubwa aseme ndiyo nene. Nikamwambia nipe ya 28 au nipe njia nipite. Unaona? Mimi si mtu wa kuogopa kila kitu. Naogopa hili moja.

Babako, kwa taarifa yako, anafurahi. Ameshawaambia wazee wa kanisa kwamba utajenga ghorofa na yeye atakuwa anakaa kwenye roshani. Nikamuuliza, na goti hilo, utapandaje? Akasema goti litapona kabla ya Desemba. Usimtumie yeye kunishawishi, nimeshaona simu zenu za usiku.

Makumbusho tulifika wanakaribia kufunga. Askari wa mlangoni akatazama watoto, akatuacha tupite. Tuliona chatu, tukaona kobe, mamba hakujigeuza hata kidogo na mdogo akasema amekufa. Tukiwa pale kwenye kioo cha chatu, mume wangu akaniambia, bila hata kunitazama, "Shosho, baba alisema chumba changu kitakuwa juu, nitakuwa naona ndege zikipita."

Kumbe hata mtoto anajua. Wote wanajua, ila mimi ninayeshika risiti.

Sikumjibu. Nilimnunulia aiskrimu, na kwa kuwa yeye alipata, mdogo naye akataka, akaimwagia sketi. Lakini mwanangu, mtu haahidi mtoto chumba ambacho hakijachorwa. Ramani iliyopitishwa na kaunti ni ya nyumba ya chini. Ile bao ya mradi pale getini, na namba ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ni ya nyumba ya chini. Wakija kukagua wakute nguzo za D16 zimetokeza juu kama umati ulioinua mikono, utawaambia nini kutoka Doha? Mimi ndiye nitakayekuwa pale.

Ukitaka kweli ghorofa, nisikilize. Tafuta injinia wa majengo aliyesajiliwa. Si fundi, na si yule rafiki yako anayechora kwa kompyuta. Aje, achimbe pembeni mwa ukuta aone msingi kwa macho, apige hesabu zake, atie sahihi. Mchoro mpya upelekwe kaunti upitishwe. Akisema nguzo zianze chini kabisa na miguu yake, tubomoe pale panapobomolewa, sitalia. Na slabu ikimwagwa nitaimwagilia maji mimi mwenyewe asubuhi na jioni, siku saba au zaidi, na hakuna mtu atakayeondoa mbao za chini mpaka injinia aseme, hata kama zile mbao ni za kukodisha na mwenyewe anapiga simu. Konkriti hupimwa nguvu yake siku ya 28. Fundi wako ananiambia siku kumi zinatosha kwa sababu una haraka ya Desemba. Haraka ya nani? Watu watakuja krismasi kula mbuzi, watakula hata chini ya mabati.

Na akisema haiwezekani, basi haiwezekani. Tafuta ploti nyingine ukiwa na nguvu, ujenge ghorofa tangu mwanzo. Hii iache ikae chini.

Tulirudi nyumbani Umoja giza limeingia. Tokeni za stima zilikuwa zimeisha na babako ameketi gizani na redio ya betri, hakuona haja ya kumwambia mtu. Mkeo alifika nyuma yetu, hajala tangu asubuhi, akakuta sketi ya aiskrimu akacheka tu. Ni mtu mzuri huyo. Mpigie saa ambayo hayuko zamu, usimpigie ili umuulize mafundi wamefika wapi. Hayo niulize mimi.

Viatu ulivyotuma vya mume wangu ni vidogo, sasa anavaa 33. Vya mdogo vimemkaa. Dawa za presha za babako zipo za mwezi huu. Mtungi wa gesi umeisha nikaazima wa jirani, usitume pesa kwa ajili ya huo, chama kinanilipa Ijumaa. Maji ya kaunti bado yanakuja kwa mgao, tunajaza mitungi usiku. Binamu yako wa Juja anapeleka ruracio, yaani mahari, mwezi ujao na wameandika jina lako kwenye orodha ya michango bila kuuliza. Nimewaambia watume kwako wenyewe.

Fundi anasema Jumatano anataka kufunga nguzo, na kwamba vyuma atavitafuta mwenyewe akipata ruhusa yako. Mpigie kabla ya hapo umwambie ni linta tu, basi. Umwambie wewe, kwa sauti yako, kwa sababu mimi ameanza kunijibu "tutaona". Ukishamwambia, niandikie. Neno moja linanitosha, lakini lisiwe sawa.

Mamako

Mchanga mwingine unakuja Jumanne. Chupa nimeiosha, iko kwenye mkoba.