Lile ua la petali saba

Salam aleikum ndugu yangu Athmani,

Wazima huko? Sisi wazima alhamdulillahi, kazi tu na baridi. Najua una haki ya kununa, miezi minne kimya, na ile sauti yako ya dakika sita niliisikiliza nikiwa kazini nikasema ntamjibu jioni, hiyo jioni ndo hii. Nisamehe. Ukweli sikuwa na la kukwambia kuhusu huyo tajiri wako na mlango wake. Yani mtu akuagize mlango mzima wa mbambakofi, uchonge miezi, alafu aseme ati hataki jina la fundi wala la aliyemfundisha fundi? Nilikasirika nikakosa maneno.

Sasa ninayo. Wiki ilopita shemeji yako na watoto walinishinda nguvu tukaenda Florida, kule Disney, kwenye ile mbuga yao ya Animal Kingdom. Bei ya tiketi siisemi, mama asije akasikia. Basi ndani mna mji wa kubuni waita Harambe, mji wa Kiswahili kabisa, na Lamu ndo wameiga. Wallahi nilisimama nikaduwaa. Plasta imepigwa alafu ikabanduliwa makusudi, rangi imepakwa ionekane imeliwa na chumvi, sisi twamlipa fundi aufunike ufa, hawa wamemlipa auchore! Kuna baa yaitwa Dawa (usimwambie Maalim). Ukutani wameandika Uhuru 1961, nikamwambia mwanangu mbona hawa wametupa mwaka wa Tanganyika.

Sasa sikia. Kuna bango la duka, Jorodi Masks & Beads, duka la vinyago na shanga. Nikapita. Jina lenyewe likanikaa kichwani, Jorodi, Jorodi, la watu gani hili? Usiku hotelini nikatafuta. Kumbe ni Joe Rohde! Ndiye aliyeongoza kuibuni mbuga hiyo mpaka ikafunguliwa 1998. Litamke mwenyewe: Jo-Rodi. Wamemgeuza Mswahili mwenye duka. Na huyo bwana ajulikana kwa hereni moja kubwa sikio la kushoto, imening'inia vikorokoro alivyookota safarini, kwa hiyo wangempa duka gani tena kama si la shanga? Watu wapita chini ya bango hilo maelfu na aiskrimu mkononi, hakuna anayeuliza.

Kesho yake tukaingia ile nyumba yao ya mashetani, Haunted Mansion, iko Magic Kingdom, mbuga yao nyingine hapo hapo Florida. Nje kabla hujaingia mna makaburi ya uongo, majina ni ya walioijenga. Moja lina uso wa mwanamke. Ukisimama kidogo lafumbua macho, latazama, lafumba. Mwanangu mdogo alinikwea mpaka shingoni. Huyo mama ni Leota Toombs, alikuwa fundi karakanani kwao, uso wake ndo wameutia pia mle ndani kwenye tufe la kioo la mganga wa kuita mizimu, ila sauti ni ya mwingine. Amekufa tangu 1991 na bado anafumbua macho.

Na California, huko sijafika, nimesoma tu, ndani ya mlima wao wa kubuni, Matterhorn, mna masanduku yameandikwa Wells Expedition. Ni ya bosi wao Frank Wells, alitaka kupanda mlima mrefu wa kila bara, akapata sita, Kilimanjaro ikiwemo, Everest ikamgomea, 1994 akafa kwa ajali ya helikopta. Wakamwekea mizigo ya safari mle, kama vile bado yuko njiani.

Hapo Athmani nikamkumbuka Mzee Omari, fundi aliyekufundisha, nikakaa kitandani kama mjinga. Wakumbuka ule mlango wa kina Bi Mwana? Maua yote petali nane, moja chini kulia saba. Tukamcheka mzee hajui kuhesabu, wewe ndo ulicheka zaidi usikatae, naye akatutazama tu akaendelea kunoa patasi. Na ule wa msikiti mdogo? Na wa kwa Kombo? Mimi nakumbuka kama nao una saba lakini siapi, nimekuwa mbali sana. Mtu aliyekuwa apima kwa uzi nakshi ya mnyororo kwenye mwimo, ile nguzo ya ubavuni mwa mlango, akosee hesabu ya ua, tena pembe ile ile? Tulikuwa watoto wapumbavu.

Sasa tajiri amekataza jina. Ua si jina, au? Mchongee maua yake yote nane nane asiwe na neno, alafu pale chini kulia...

Nenda kwanza kwa Bi Mwana ukanitazamie, chukua na picha ya karibu, na kwa Kombo pia. Ni saba kweli? Ni chini kulia kote? Mtoto wake aliyeko Malindi anajua hili jambo au mzee alikufa nalo? Na umefika wapi na huo mlango, mfaa, ule mti wa katikati, umeshauchonga au bado kuna nafasi? Tajiri amelipa hata nusu? Na goti la mama yako?

Shemeji yako akusalimu, asema zile kofia uliahidi.

Nduguyo wa kimya kirefu,
Abu