Mshale hauui kama risasi

Ndugu Mhariri,

Msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde huku Marekani huanza Septemba au Oktoba katika majimbo mengi, na wapo Waswahili wenzetu wanaokata leseni kwa mara ya kwanza. Wengi wamefundishwa kupiga ubao. Kumpiga mnyama ni somo jingine.

Mshale huua kwa kukata, damu ikatoka. Mhadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, hupaka sumu kwenye chembe, yaani ncha ya mshale, anapowinda mnyama mkubwa, kwa hiyo hata asipopata moyo, sumu humalizia kazi. Sisi tuna chembe yenye makali tu, na lazima ipite mapafu yote mawili. Likitobolewa moja, kulungu anaweza kwenda mbali akafie asikoonekana.

Akisimama ubavu, panda kwa macho kwenye mguu wa mbele hadi theluthi ya kwanza ya kifua kutoka chini, kisha rudi nyuma ya bega kidogo. Chagua doa moja la manyoya. Anayemlenga kulungu mzima hupiga tumbo. Ngoja mguu wa upande wako usogee mbele, maana ukiwa nyuma mfupa wake huziba njia. Akikaa mshazari, kichwa kikielekea mbali nawe, fikiria mshale utokee kwenye bega la upande wa pili. Utaingia nyuma kwenye mbavu kuliko unavyodhani, usiogope. Lakini akikuelekea kifua, hata kwa mshazari, au akikupa mkia, shusha upinde. Kichwa na shingo, hapana kabisa.

Ukimvizia ukiwa juu ya mti, kuna hatari yake: kulungu akiwa karibu chini ya miguu yako, mshale hushuka wima ukapata pafu moja. Mwache asogee.

Umbali nao usiuulize kwa rafiki. Weka sahani ya karatasi ya sentimita 20 kwenye mita 18, upige umevaa koti lako la baridi, na chembe zilezile za kuwindia. Mishale yote ikikaa ndani, rudi nyuma kidogo kidogo. Pale hata mmoja unapotoka, umeshapita mpaka wako. Na kulungu aliyeinua kichwa na kusimamisha masikio mwache, kwani akisikia ugwe hujishusha ili aruke, na mshale unapita juu yake.

Ukishapiga, kagua mshale. Damu ya waridi yenye mapovu ni mapafu: subiri nusu saa. Damu nzito nyekundu iliyokoza ni ini: subiri muda wa saa 4 hadi 6. Uchafu wa kijani unaonuka ni tumbo: subiri muda wa saa 8 hadi 12, na usimfuate mapema, kwa sababu atainuka alipolala na jeraha la tumbo huacha damu kidogo mno ya kufuatilia. Kabla hujashuka mtini, shika alama ya mahali alipotokomea. Ukifika chini vichaka vyote hufanana.

Mwindaji wa upinde,
Minnesota, Marekani