Krismasi hii twende Lushoto, Mikumi au Bagamoyo?

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi kutoka Tabata. Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja wa miaka 11 na mwingine 7, na tunaishi na mama mkwe wangu, mwenye umri wa miaka 71, ambaye goti la kulia humsumbua sana. Mume wangu amepewa ruhusa kazini kuanzia tarehe 24 hadi 27 Desemba, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane tumekubaliana kuwa sikukuu hii hatutaifanyia nyumbani. Tatizo ni kwamba tumekubaliana hapo tu.

Fedha tuliyo nayo ni shilingi 900,000, sehemu ya mgawo wangu wa kikoba kitakachovunjwa tarehe 13. Humo humo utoke usafiri, malazi na chakula cha watu watano, kwa maana ada za Januari nimekwisha kuzitenga na sitaki ziguswe.

Mume wangu anataka Lushoto. Anasema joto la Desemba hapa Dar es Salaam, ambapo feni huzungusha hewa ya moto hadi alfajiri, linatosha kuwa sababu, na kwamba watoto wanapaswa kujua kulala kwa blanketi, kusimama kwenye mwamba wa Irente na kuitazama nyika kule chini, na kununua fyulisi njiani. Kwa hilo sina ubishi. Ninachohofia ni gari letu, ambalo mwezi uliopita lilichemsha maji kwenye foleni ya Buguruni, na sasa litakiwe kwenda hadi Mombo kupitia Chalinze na Segera, kisha lipande kona za mlimani zaidi ya kilomita 30, katika msimu ambao mvua za vuli zikizidi huporomosha udongo na mawe barabarani. Tena ni safari ya takribani saa saba, na mama hawezi kukunja goti hata saa mbili bila kuomba tusimame.

Watoto wao wanataka Mikumi, kwenye hifadhi ya wanyama, wala hawasikii kingine. Mkubwa aliwahi kupita pale akiwa kwenye basi la Iringa, akaona twiga wawili hatua chache kutoka kwenye lami, na tangu amsimulie mdogo wake, kila karatasi ndani ya nyumba imechorwa twiga, pamoja na bili ya maji. Njia hii inanivutia kwa sababu ya treni ya SGR, ile ya reli mpya ya kisasa, ambayo hufika Morogoro chini ya saa mbili, na ambayo nauli yake ya daraja la kawaida ilipotangazwa mwaka 2024 ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima. Mama atakaa kwenye kiti kizuri na kunyoosha mguu. Lakini kutoka Morogoro hadi getini bado kuna mwendo wa zaidi ya saa moja, na itabidi tukodi gari la kutuingiza hifadhini na kututoa, gharama ambayo kila ninayemuuliza hunitajia kiasi tofauti. Isitoshe, nasikia mvua ikishanyesha nyasi hurefuka na wanyama hawaonekani kwa urahisi kama wakati wa kiangazi.

Zanzibar nimeiondoa mwenyewe. Bei za vyumba msimu huo ni za watalii, na mama hataki kusikia habari za boti.

Yeye mama anapendekeza Bagamoyo. Ni karibu, hakuna milima, na hatakosa misa ya Krismasi kwenye misheni ile ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, ambayo ameitamani siku nyingi. Mume wangu anasema huko si kusafiri, ni kutembelea jirani, na joto ni lile lile. Mimi nina kidonda kingine: mwaka jana tulipanga kushinda na kulala ufukweni Kigamboni, tukatuma nusu ya malipo kwa simu, na tulipofika na ndoo zetu za vyakula, binti wa mapokezi akafungua daftari, akatuonyesha jina letu limekatwa kwa wino mwekundu. Chumba kilikuwa cha mtu mwingine, na fedha ilirudi mwezi Machi.

Sasa niseme lile ambalo nyumbani sijalisema. Kila Krismasi hupika pilau ya watu wasiopungua 20 wa upande wa mume wangu, na jioni huwa sina hata hamu ya kuionja. Ninachotaka ni siku nne ambazo chakula kinaletwa mezani na mtu mwingine. Bagamoyo ni karibu mno. Nina hakika wageni watatufuata huko huko, na mama atawakaribisha kwa furaha.

Naomba wasomaji waliowahi kusafiri na mzee mwenye shida ya miguu wanieleze kama Mikumi kwa treni inawezekana kwa fedha hiyo, na kama inafaa kulala Morogoro mjini na kuingia hifadhini siku moja tu. Pia naomba kujua namna ya kulipia chumba bila kukatwa tena daftarini, na namna ya kumweleza mama mkwe suala la pilau bila kuonekana nawakimbia ndugu. Tiketi za treni msimu huu huisha mapema, hivyo nitashukuru nikipata majibu kabla ya tarehe 13.

Wenu,
Mama wa Wawili,
Tabata, Dar es Salaam.