Umerithi kihamba? Usishike panga kwanza

Kila mwaka baada ya Krismasi, sisi tunaotambua mimea ya vihambani tunapigiwa simu zinazofanana. Familia imekutana nyumbani, mgao umefanyika, na mtu anayeishi Dar es Salaam au Arusha amekabidhiwa kihamba cha babu, yaani shamba la ukoo la Wachaga lenye migomba na kahawa, huko Marangu, Kibosho au Machame mkoani Kilimanjaro. Amekikuta kimegeuka pori na anatafuta kibarua wa kufyeka. Sisi humwomba asubiri kidogo. Mimea mingi ya kihambani ilipandwa au iliachwa kwa makusudi, na aliyejua sababu mara nyingi amezikwa humo humo.

Chukua masale. Mgeni anaona ua tu, majani marefu yaliyosimama kwa mstari. Mstari huo ndio mpaka wako na jirani. Ukiung'oa umefuta ushahidi unaoheshimiwa na wazee wote wa pale, na kesi inaweza kukufikisha baraza la kata. Ukikuta masale peke yake katikati ya migomba, uliza kabla hujagusa, kwa sababu huenda pana kaburi.

Kinachotuuma zaidi ni kahawa. Mbuni ulioachwa miaka bila kupogolewa hurefuka, ukajaa machipukizi, ukabaki na matunda machache kileleni, basi mtu anaudhani kichaka. Tazama majani: yanatoka mawili mawili yakitazamana, yanang'aa upande wa juu, na kingo zake zina mawimbi. Mti huo usiung'oe hata kama ni mzee. Unakatwa kwa mshazari, kama sentimita 30 kutoka ardhini, halafu unaachiwa machipukizi mawili au matatu yenye afya. Baada ya miaka miwili hivi unaanza kuchuma tena, bila kununua mche.

Kwenye miti mikubwa, msesewe una majani yanayotoka matatu mpaka sita kwenye kifundo kimoja, na ukiuchanja unatoa utomvu mweupe. Gome lake ndilo linalotia uchungu kwenye mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga, kwa hiyo usishangae jirani akija kuliomba. Mringaringa una majani mapana yanayokwaruza na maua meupe yanayopendwa na nyuki. Kabla ya kuangusha mti wowote mkubwa, pita ofisi ya kijiji kuulizia kibali.

Ipo pia mimea ya kuogopa. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni unaunguza vibaya: osha kwa maji mengi, kisha nenda hospitali. Mbegu za mbarika ni sumu, na kile kichaka chenye maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta kina sumu kuanzia jani hadi mbegu. Kama una watoto wadogo, anza na mimea hiyo.

Programu za simu husaidia kwa maua ya bustani. Kwenye migomba hazifai: mshare na ndizi nyingine zote zitaitwa ndizi tu. Kwa mmea usioujua, piga picha ya jani pande zote mbili, jinsi majani yalivyopangwa kwenye tawi, ua, tunda, gome na mti mzima. Picha ya jani moja lililochumwa haitoshi.

Huduma yetu ni kutembea nawe kihamba kizima, kufunga kibandiko chenye jina kwenye kila mmea wa kudumu, na kukuchorea ramani inayoonyesha mipaka, kahawa, miti na mimea ya sumu. Mmea ukitushinda tunakausha sampuli na kuipeleka Arusha, kwenye hebaria ya taifa, yaani hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa, iliyo chini ya TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Kama shangazi au mzee wa ukoo bado ana nguvu za kutembea, tafadhali awepo siku hiyo. Anajua yasiyoonekana kwenye jani.

Wakati mzuri ni masika yakishakolea, kwa sababu viazi vikuu vinakauka juu wakati wa kiangazi na huwezi kuviona mpaka vichipue na kupanda kwenye miti. Ukitaka kuanza mapema, tutumie picha kupitia ukurasa huu, na panga likae ndani kwanza.